Pointi 64 mkononi na cheti kinakufa: kisa cha msaidizi wa kitabibu aliyerudi Tanga

Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya mwenyewe. Jina, mtaa, jimbo alilokuwa anafanyia kazi Marekani na mwaka wenyewe nimeviondoa, ila namba za pointi zake za mafunzo endelevu nimeziacha vilevile zilivyokuwa maana bila hizo hamna cha kujifunza. Nitamwita Dada Z. Mimi hapa Tanga nasaidia wauguzi, matabibu na watu wa maabara kupanga makaratasi yao ya leseni na mafunzo endelevu, na wanaokwama ni wengi mno, tena wengi wao ni watu wanaoijua kazi yao barabara, ndo maana kila nikiona mtu anapoteza cheti kwa sababu ya karatasi roho inaniuma.

## Mhusika na cheti chake

Dada Z kazaliwa Tanga, kasoma hapahapa mpaka kidato cha nne, akaolewa akamfuata mume Marekani. Kule akasoma chuo kozi ya msaidizi wa kitabibu, akafanya mtihani wa American Association of Medical Assistants, ndo wale wanaoitwa AAMA wenye ofisi yao Chicago, akafaulu akawa CMA, yaani msaidizi wa kitabibu mwenye cheti chao. Akaajiriwa kliniki ya madaktari wa familia.

Niseme kidogo kazi yenyewe ni ipi maana hapa kwetu inachanganya watu na mkanganyiko huu ulikuja kuleta mtihani kwenye kisa hikihiki. Msaidizi wa kitabibu wa Marekani anampokea mgonjwa, anampima presha, joto, uzito, anachukua damu, anapiga sindano alizoagizwa na daktari, anapiga ECG (kipimo cha umeme wa moyo), halafu upande wa mbele anapanga miadi, anashughulika na bima na mafaili. Hatambui ugonjwa na haandiki dawa. Sasa wazee wetu huku wanamkumbuka medical assistant wa zamani, kada ambayo baadaye ikaja kuitwa clinical officer, yaani tabibu, na huyo anaona mgonjwa na kuandika dawa. Ni watu wawili tofauti kabisa.

Cheti cha CMA kinaishi miezi 60, na kinakufa siku ya mwisho ya mwezi. Kukihuisha kuna njia mbili, ama urudie mtihani (maswali 200, dakika 160) ama ukusanye pointi 60 za mafunzo ndani ya hiyo miezi 60. Na hizo 60 zina mpangilio: 10 za utawala, 10 za kliniki, 10 za jumla, na 30 zilizobaki utoe kundi lolote kati ya hayo matatu. Halafu kuna sharti jingine linapita katikati, angalau pointi 30 ziwe za mafunzo yaliyoidhinishwa na AAMA wenyewe. Juu ya hapo uwe na kadi hai ya CPR, yaani ya mafunzo ya kumfufua aliyesimama moyo, ile ya mtoa huduma za afya, sio ya mtu wa kawaida. Ukichelewa zaidi ya siku 90 baada ya cheti kufa, habari ya pointi imekwisha, unarudi kwenye mtihani. Na ndani ya hizo siku 90 pia huruhusiwi kujiita CMA.

Majimbo mengi kule hayamlazimishi mtu kuwa na cheti hiki ili afanye kazi, lakini waajiri wengi wanakidai. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba kuanzia mwaka 2013 serikali ya Marekani kwenye mpango wake wa mafaili ya kielektroniki iliruhusu maagizo ya daktari kuingizwa kwenye kompyuta na wenye leseni au wasaidizi wa kitabibu wenye vyeti, kwa hiyo kliniki ikawa na hasara ya moja kwa moja ikiwa na msaidizi ambaye cheti chake kimekufa. Meneja wa Dada Z alimwambia nafasi yako ipo ukirudi, ila uje na cheti hai.

Angalizo, haya ni ya CMA ya AAMA. Vipo vyeti vya wasaidizi wa kitabibu vya taasisi nyingine za kule: wapo wenye CCMA ya NHA, wale wanahuisha kila miaka 2 kwa pointi 10, na wapo RMA wa AMT wenye mzunguko wa miaka 3 na pointi 30. Usichukue hesabu za kisa hiki ukazibandika kwenye cheti kingine.

## Ilivyotokea

Mwaka wa nne wa cheti mama yake alipigwa kiharusi. Akaja Tanga kwa nia ya kukaa miezi mitatu, lakini Tanga hii ndo ile ya waja leo waondoka leo, na aliyekuja kwa mgonjwa haondoki kwa kalenda. Mama akawa anapelekwa hospitali ya Bombo mazoezi, nyumbani analishwa, anageuzwa, usiku analindwa. Miezi mitatu ikawa mwaka na ushee.

Kliniki kule ikafunga imeili yake ya kazi kama inavyofungwa ya kila anayeondoka. Hapo ndo shida ya kwanza ilipozaliwa kimyakimya, kwa sababu akaunti yake ya AAMA ilikuwa imesajiliwa kwa imeili hiyohiyo ya kazi. Vikumbusho vyote vya kuhuisha cheti vikawa vinatumwa kwenye sanduku ambalo hawezi kulifungua. Alikuja kushtuka mwenyewe siku moja anatafuta cheti chake kwenye bahasha ya vyeti vya watoto, akaona tarehe, imebaki miezi miwili na siku kadhaa.

Aliletwa kwangu na dada yake. "Shikamoo mwalimu, mimi pointi ninazo za kutosha, nataka tu unisaidie kuzipakia, nyumbani mtandao unakatika." Nikamwomba kabla ya kupakia chochote tuvione vyeti vyote kwa macho, kimoja kimoja. Tukavimwaga kwenye mkeka sebuleni kwao, mama yake amekaa kwenye kiti cha magurudumu anatutazama, mkono mmoja mzima ndo anautumia kutuonyesha karatasi iliyopeperuka na feni. Vingine vimechapishwa wino umefifia, vingine viko kwenye simu ya zamani ambayo kioo kimepasuka na chaji haikai, ikabidi ichomekwe ukutani muda wote, tunapiga picha kioo kwa simu nyingine.

Jumla yake ilikuwa pointi 64 kweli. Alikuwa hajadanganya. Lakini cheti kimoja cha pointi 3 kilikuwa na tarehe ya kabla hajafaulu mtihani wake, kwa hiyo hakimo ndani ya miezi 60, kitoe. Zikabaki 61. Nikazigawa marundo matatu: kliniki 38, za jumla 19, utawala 4. Akanyamaza. Halafu tukageuza tena, tukatenga zile zilizoidhinishwa na AAMA na zile za semina nyingine, za AAMA zikawa 26.

Kwa hiyo mwanamke ana pointi 61, sharti ni 60, na bado amepungukiwa kwa njia mbili kwa wakati mmoja: utawala pungufu 6, AAMA pungufu 4.

Imefikaje hapo? Yeye kazi yake kule ilikuwa nyuma, kwenye vyumba vya wagonjwa. Semina zilizoletwa kliniki wakati wa chakula cha mchana zilikuwa za chanjo, za kisukari, za namna ya kusafisha kidonda. Alienda kwenye anachokipenda na kinachomsaidia kesho yake kazini, ambayo ni tabia nzuri sana ya mfanyakazi, lakini mambo ya namba za magonjwa za bima, ile ICD-10 ambayo Marekani walianza kuitumia Oktoba 2015, mambo ya miadi na mafaili, hayo yalikuwa ya wenzake wa mapokezi na hakuyagusa.

Tukauliza kadi ya CPR. Ilikuwa ya American Heart Association, hizo zinaishi miaka 2, na yake ilikuwa imeshakufa tangu yuko hapa.

## Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza, pointi au mtihani? Binamu yake mmoja aliye kule alimshauri aachane na pointi arudie mtihani, akifaulu ndo basi, hamna cha kugawa mafungu. Dada Z alikataa, na sababu zake nilizikubali. Mtihani unataka usome miezi, na yeye usiku analala vipande vipande kwa sababu ya mama. Na akifeli muda umeshapita. Pointi alizopungukiwa zilikuwa 6 tu.

Hapa kuna kitu kidogo ambacho naona ndo kilimwokoa gharama. Badala ya kutafuta pointi 6 za utawala halafu tena pointi 4 za AAMA, tulitafuta za utawala ambazo ni za AAMA. Kila pointi ikawa inaziba matundu mawili. Akalenga 7, sio 6, ili iwepo ya akiba. Mimi nilitaka achukue 10 lakini kila kozi ni hela na hela ya nyumba ile ilikuwa inaishia kwenye dawa na nauli za bajaji kwenda Bombo, kwa hiyo tukakubaliana 7. Alizisoma alfajiri mama akiwa amelala, bando la usiku bado halijaisha, na nzuri ya kozi za AAMA wenyewe ni kwamba ukimaliza pointi zinaingia zenyewe kwenye kumbukumbu zako, huhangaiki kuskani. Ila ilibidi kwanza akaunti ihamishwe imeili, na hiyo ilitaka kupiga simu Chicago. Kipindi hicho cha baridi kule wako nyuma yetu kwa saa 9, ofisi inafunguliwa saa 2 asubuhi yao ambayo kwetu ni saa 11 jioni. Siku ya kwanza alipiga saa 4 asubuhi ya hapa akakuta simu inaita bure, kule ni usiku wa manane. Baada ya hapo akawa anapiga magharibi na akahudumiwa.

Uamuzi wa pili ndo ulikuwa mgumu, kadi ya CPR. Njia zilizokuwa mezani zilikuwa tatu. Ya kwanza, kuna watu wanauza kadi mtandaoni, unajibu maswali dakika chache unalipa unatumiwa kadi ina nembo nzuri kabisa, na shemeji yake alikuwa ameshampelekea linki. Ya pili, kuna muuguzi mzoefu hapahapa Tanga anafundisha huduma ya kwanza na kufufua, mafunzo yake ni ya kweli na mimi mwenyewe nawapeleka watu kwake, ila cheti anachotoa hakimo kwenye orodha ya taasisi zinazotambuliwa na AAMA. Ya tatu ni kwenda Dar kwenye kituo kinachofundisha kwa utaratibu wa American Heart Association.

Kadi ya dakika chache aliikataa baada ya kuambiwa jambo moja tu, kwamba American Heart Association hawana kadi ya BLS (ndo kadi yao ya CPR ya watoa huduma za afya) inayotoka bila mtu kushika sanamu na kubonyeza kwa mikono yake mbele ya mkufunzi au mashine inayopima. Nadharia unaweza kusoma onlaini, vitendo hapana. Kwa hiyo kadi isiyo na vitendo ingemgharimu mara mbili, hela yake na siku zake. Na mimi nasema waziwazi, hata kama ingepenya, mtu anayekwenda kusimama kwenye chumba cha wagonjwa hafai kuwa na kadi ya namna hiyo. Kifua cha mtu sio karatasi.

Akaenda Dar. Dada yake akachukua zamu ya mama, yeye akapanda basi la alfajiri stendi ya Kange, Segera, Chalinze, hao. Alinisimulia kwamba aliingia darasani akijua anajua. Sanamu ya kwanza taa haikuwaka. Alikuwa anabonyeza kwa kasi sawa lakini hafiki chini, kifua cha mtu mzima kinatakiwa kizame angalau sentimita 5 na kisizidi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mara 30 halafu pumzi 2. Akaongeza nguvu, taa ikawaka lakini mkufunzi akamsimamisha. "Dada, unamlalia. Acha kifua kirudi juu chote, damu itarudi saa ngapi kwenye moyo?" Akasogeza magoti karibu zaidi, akanyoosha viwiko, ikakaa sawa. Mwaka na ushee nje ya kliniki na mkono ulikuwa umeshasahau. Alirudi na kadi na mabega yanauma.

Uamuzi wa tatu haukuwa wa cheti moja kwa moja ila naona ungeweza kuharibu kila kitu. Katikati ya hizo pilikapilika mzee mmoja mwenye zahanati alimfuata nyumbani. "Mwanangu, wewe umesoma Marekani, una cheti, njoo ukae chumba cha daktari, asubuhi tu, mchana unarudi kwa mama." Hela aliyotaja ilikuwa ya maana na nyumba ilikuwa inaihitaji. Dada Z alimjibu kwa adabu, "Baba, nashukuru umenikumbuka. Lakini mimi kule nampima mgonjwa namuandaa, anayeandika dawa ni daktari. Hapa sijasajiliwa popote, nikikaa kile chumba nawadanganya wagonjwa wako." Mzee alirudi mara ya pili akapitia kwa mjomba, mjomba naye akasukuma, cheti si unacho, unakiogopa cha nini?

Nilimuunga mkono asilimia mia. Hapa Tanzania anayeona wagonjwa kama tabibu anasimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika chini ya sheria ya mwaka 2017 inayohusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi, inatakiwa usajili na leseni. Cheti cha msaidizi wa kitabibu wa Marekani hakikupi hiyo leseni, kiwe hai au kimekufa. Angekamatwa angejiharibia huku na kule pia, maana taasisi inayotoa cheti inaweza kumnyang'anya mtu kwa kufanya kazi isiyo yake. Na kabla ya hayo yote kuna mgonjwa mwenyewe, mama na mtoto mwenye homa anayeamini aliyekaa mbele yake ni tabibu.

Kuna na suala la majina, hili nalipitia haraka. Kwenye cheti alikuwa na jina la kabla ya ndoa, kwenye paspoti jina la mume, na kadi mpya ya CPR ikaandikwa majina matatu kama tunavyoandika huku. Akabadilisha jina kwenye akaunti kwa kutuma cheti cha ndoa, na kituo cha Dar kikamrekebishia kadi ifanane na paspoti. Ilikula siku kadhaa.

## Matokeo

Maombi yaliingia zikiwa zimebaki siku 10 cheti kife. Usiku wa kwanza wa kulipa kadi ya benki iligoma, umeme ukakatika, ruta ikazima, akajaribu tena kwa kadi ya mtandaoni ya pochi ya simu ikakubali. Hesabu aliyowasilisha ilikuwa pointi 68: kliniki 38, za jumla 19, utawala 11, na za AAMA 33.

Wakamrudishia cheti kimoja cha kliniki cha pointi 2, kilikuwa hakionyeshi saa za mafunzo, kile kilichofifia wino. Hakikumuathiri kwa sababu ilibaki 66 na kila kundi lilikuwa limeshatimia. Kama tungekuwa tumebana kwenye 60 kamili angerudi mwanzo na siku zikiwa zinayoyoma. Baada ya wiki kadhaa akapata taarifa kwamba amehuishwa. Meneja wa kule alijulishwa, nafasi ikabaki palepale.

Mama anaendelea, anasimama kwa kushika ukuta.

## Nini kilifanya kazi na nini hakikufanya

Kilichofanya kazi kupita vyote ni kuvimwaga vyeti mkekani kabla ya kugusa fomu. Ule mgawanyo wa marundo ulichukua mchana mmoja na ulitoa jibu ambalo jumla ya 64 ilikuwa inalificha. Nimeona jambo hilihili kwa wauguzi wetu, mtu anajivunia jumla, hajui zimelalia upande gani. Mtu anayefanya kazi upande mmoja wa kliniki atalundika pointi za upande huo tu bila kukusudia, na hatajua mpaka siku ya mwisho kwa sababu jumla inamtuliza. Ukiniuliza mimi, kuhesabu kwa makundi kufanyike angalau mara moja kwa mwaka, na uanze kuhesabu lile kundi usilolipenda.

Cha pili ni kuziba matundu mawili kwa kozi moja. Hii inataka usome masharti yote kwa pamoja, lile la makundi na lile la AAMA, kwa sababu ukiyasoma moja moja utajikuta unalipia mara mbili.

Kukataa chumba cha daktari nakuweka hapa pia ingawa watu wengine wa familia mpaka leo wanaona alipoteza riziki. Mimi siwalaumu sana, njaa haina ustaarabu na mgonjwa ndani ya nyumba anakula hela kila siku. Lakini aliweza kukataa kwa sababu alikuwa anajua mipaka ya kazi yake kwa maneno mepesi, alimweleza mzee kwa sentensi mbili ni kipi anafanya na kipi hafanyi. Wengi wanaoingia kwenye mtego huo hawawezi kuieleza kazi yao wenyewe, wanabaki kusema "nimesomea afya", na hapo mwenye zahanati anamalizia sentensi anavyotaka yeye.

Ambacho hakikufanya kazi, imeili. Akaunti ya cheti chako binafsi kuisajili kwa imeili ya mwajiri ni kumkabidhi mwajiri ufunguo wa nyumba yako. Siku ya mwisho kazini watu wanakumbuka kurudisha beji na funguo za kabati, hakuna anayekumbuka kuhamisha imeili. Dada Z alipoteza karibu mwaka mzima wa vikumbusho hapo.

Vyeti kukaa kwenye simu moja yenye kioo kibovu nalo lilikuwa la kuogopesha, ile simu ingezima jumla tungekuwa tumepoteza karibu theluthi ya pointi zake. Sasa hivi ameweka picha za vyeti kwenye hifadhi ya mtandaoni na nakala ya karatasi iko kwa dada yake, na kila kimoja nyuma kimeandikwa kwa kalamu tarehe, saa, kundi, na kama ni cha AAMA.

Halafu kadi ya CPR. Hapa mimi na yeye hatukubaliani kabisa. Yeye anaona tatizo lilikuwa pointi na kadi ilikuwa jambo la pembeni. Mimi naona kadi ndo ilikuwa hatari kubwa zaidi, kwa sababu pointi unaweza kuzisoma usiku wa manane ukiwa kitandani Tanga lakini kadi inakutaka mwili wako uwe mahali fulani siku fulani, kozi ina tarehe zake, basi lina nauli yake, na mgonjwa nyumbani lazima abaki na mtu. Dada yake angeumwa wiki ile, kisa chote kingeishia pengine. Kwa aliye nje ya Dar ningeshauri kadi ianze, pointi zifuate, hata kama pointi ndo zinakunyima usingizi.

Na kadi hiyo ina miaka 2 wakati cheti kina miaka 5, kwa hiyo itakufa mara mbili kabla cheti hakijarudi kudai. Tumeshaongea na yule muuguzi wa hapa Tanga, ana nia ya kusomea ukufunzi wa American Heart Association kupitia kituo cha Dar, na wauguzi kadhaa wa hapa wameonyesha kwamba wakipata kozi ya namna hiyo karibu watalipia. Ikikubali, Dada Z atakuwa wa kwanza kwenye orodha, kama bado atakuwa hajapanda ndege.